Sikio la Kushoto la Mukiri

Nyuma ya soko,
Kanyakine,
Meru.

Jumatatu, 5 Januari 2026

Mpendwa Mjomba Kinyua,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mpwa wako Kendi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, wewe na Aunty Susan, na kwamba vile vipele vya joto vilivyomtoka Purity shingoni vimepona. Huku ni baridi. Ukungu hauondoki mpaka chai ya saa nne, na nguo tulizofua Ijumaa bado zinanyong'onyea kwenye kamba. Nyanya yetu, Cucu Gatakaa, anaendelea vizuri, goti ndilo linalomsumbua, lakini mdomo wake haujawahi kuugua. Baba ni mzima. Mama ni mzima. Ng'ombe amezaa ndama dume na baba amemkasirikia kana kwamba alifanya makusudi.

Shuleni tulifundishwa kuandika "sisi sote tu wazima". Sikuandika hivyo kwa sababu si kweli. Nitafika hapo.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu ni ya mama na hukaa kwenye mfuko wa aproni yake. Nikiomba kupiga nitaulizwa nampigia nani na nataka kumwambia nini, kisha nitapigia hapo hapo mezani kila mtu akinisikiliza. Unanijua nilivyo. Nikiitwa kusoma somo kanisani, sauti huniishia kwenye "Ndugu zangu". Kwa hivyo nitampa Kithaka barua hii, yule dereva wa lori la ndizi anayepakia Mitunguu na kushusha Kongowea, huko kwenu Mombasa. Ameahidi kukupa mkononi. Hakuuliza imeandikwa nini, na katika mji huu mtu asiyeuliza ni wa kuombewa maisha marefu.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kimeru sikufundishwa maneno ya msichana kumkasirikia mtu mzima, nadhani hayapo. Kiingereza changu ni cha mtihani, hukasirika kwa adabu mno. Kiswahili kiko katikati, hakina mzee wa kunikodolea macho. Na nimekasirika, Mjomba. Nimekasirika mpaka meno yananiuma.

Siku ya Krismasi ulimwambia mama kwamba unatamani kurudi nyumbani. Ulisema Mombasa mtu anaweza kuanguka barabarani na watu wakamruka, lakini Kanyakine watu wanajuana. Mama alicheka, akaturudia maneno yako, akasema ni kweli kabisa. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya chai, nikanyamaza kama kawaida yangu. Sasa ngoja nikujibu.

Ndiyo, tunajuana. Nikinunua daftari, mwenye duka ananiuliza kama lile la mwezi uliopita lilijaa. Baba akinunua nyama, mwenye bucha anauliza ni nani amekuja kwetu, na tukikaa muda bila kununua anauliza pia. Siku moja nilivaa viatu vya mama kwenda sokoni, na wanawake wa viazi wakataka kujua sasa mama anatembeaje. Alama zangu za mtihani zilifika kwenye stendi ya bodaboda kabla sijazifikisha nyumbani. Wanajua babu yako alikosana na nani juu ya mpaka wa shamba, na wanakutazama kama wewe ndiye uliyehamisha jiwe.

Nilidhani mji unaojua hivi, mtu akiumia utajua pia.

Ni kuhusu Mukiri.

Unajua mimi na yeye tulizaliwa siku moja, na cucu husema tulikuja tukigombania mlango. Kazi za nyumbani tulipokezana. Wiki yangu ya kupika yeye anamkatia ng'ombe nyasi, wiki yake ya kupika nyasi ni zangu. Chapati zake zinashinda zangu, hilo nakiri kwa uchungu. Tena mimi nisiyeweza kuongea na watu, yeye ndiye aliyekuwa akinisemea. Tangu chekechea nimeketi kushoto kwake darasani. Mwalimu akiniuliza, nilimnong'oneza Mukiri jibu, naye analisema kwa sauti. Nilimbandika jina "Spika", na hakuna mwingine anayelijua. Sasa na wewe unalijua.

Mtihani wa Gredi ya Tisa ulipoisha alipelekwa kutahiriwa na wenzake, kisha wakafungiwa kwenye gaaru ya Salesio, ile nyumba ya mabati nyuma ya migomba yake, wapone na wafundishwe utu uzima. Wewe mwenyewe ulitoa idhini, maana baba hangethubutu kumpeleka kabla mjomba hajasema ndiyo. Salesio alichaguliwa kuwa mlezi wao kwa sababu ni mzee wa kanisa, na gaaru yake husifiwa kwamba ni ya Kikristo: hakuna pombe, na kuna maombi asubuhi na jioni. Wasichana hatukaribii. Mimi nilikuwa nabeba chakula mpaka kwenye ua, nakiweka chini, nabisha ubao, naondoka.

Alitoka wiki ya Krismasi. Alivaa ile suti ya kijivu uliyomtumia, kofia, na fimbo mkononi, na mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nilikuwa nyuma ya watu. Nikajikaza, nikamwita. Hakugeuka.

Wewe umekaa pwani miaka mingi lakini hili hujalisahau. Kijana aliyetoka gaaru ni muthaka. Haingii tena jikoni kwa mama yake. Hageukigeuki akiitwa na wanawake, wala hajibu upesi kama mtoto. Kwa hivyo hakuna aliyeshangaa. Mama alimwita, akamwita tena, kijana kimya, na mama akatuangalia kwa furaha: "Mnaona? Amekomaa!" Cucu naye akasema marehemu babu alikuwa vivyo hivyo, unamwita asubuhi anaitika jioni.

Hata wewe, Mjomba. Alipopewa simu siku ile alikuwa na fimbo mkono wa kulia, akaiweka simu sikio la kushoto. Alinyamaza sana, halafu akasema "Ndiyo", nadhani mahali ambapo hukuuliza swali. Mama alipoichukua simu ulikuwa unacheka. Ulimwambia kwamba kijana sasa ni mwanamume, maneno yake yamepanda bei.

Mimi nilimkasirikia. Nilidhani nimeshakuwa kwake msichana wa kubeba sahani tu. Nilikuwa namletea chakula mlangoni na kukitua chini kwa kishindo.

Halafu ikaja siku ya soko. Mukiri alikuwa anatembea pembeni mwa barabara karibu na bucha, polepole, kama wanavyofundishwa. Bodaboda iliyobeba kabichi ikatokea nyuma yake upande wa kushoto, ikapiga honi, ikapiga tena. Hakusogea. Mwenye pikipiki akakata kona akaingia mtaroni, na kabichi zikabingirika hadi mlangoni pa bucha.

Stendi nzima ililipuka kwa kicheko. "Oneni muthaka! Hata honi haimtishi!"

"Pikipiki ndiyo ipishe, bwana! Mwanamume hapishi kitu!"

"Okota kabichi zako, na umwombe radhi!"

Mji mzima ulimsifu. Lakini mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na niliuona uso wake. Haukuwa na kiburi. Ulikuwa uso wa mtu aliyeamshwa na kelele asijue zinatoka wapi. Alitazama kulia, Mjomba. Pikipiki ilikuwa mtaroni kushoto, na yeye alitazama kulia.

Jioni hiyo alikuwa shambani akikata nyasi. Nilikwenda nikasimama kushoto kwake, mahali pangu pa siku zote, nikasema, "Spika." Kimya. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo. Kimya. Nikazunguka upande wa kulia nikamnong'oneza tu.

"Usiniite hivyo," akasema. "Watu watasikia."

"Watu watasikia. Na wewe, upande ule, unasikia?"

Akaweka panga chini. Akaangalia nyumba, akaangalia barabara. "Mambo ya gaaru haambiwi msichana."

"Basi usiniambie. Nionyeshe."

Akavua kofia. Kulikuwa na pamba kwenye sikio, imegeuka manjano, na harufu yake sitaki kuiandika.

Baadaye alisema kidogo kidogo, akiangalia lile panga na si mimi. Vijana waliotoka gaaru miaka iliyopita huja kuwasalimia wapya. Ni desturi, na salamu zenyewe ni maswali na makofi. Walimwuliza, "Kwenu ni nani anapika?" Wenzake wote walikuwa wamejibu mama. Yeye akasema ukweli, kwamba anapokezana na dada yake. Walicheka mpaka wakaegemea mabati. Wakasema huyu alitahiriwa nusu, nusu nyingine bado ni msichana. Salesio alikuwa ameketi pale pale, chai mkononi, Biblia ya maombi ya jioni bado iko mapajani. Hakuwakemea. Alisema, "Mfungueni masikio huyo." Ndipo kofi likaja. Mukiri anasema tangu hapo sikio linalia kama redio iliyokosa stesheni, kisha likaanza kutoa maji.

Kwa sababu ya chapati, Mjomba. Kwa sababu alikuwa anaosha sufuria na mimi.

Nilimwambia mama. Alikaa juu ya gunia la mahindi na hakulia. Alisema, "Nilikuwa nafurahi. Nilikuwa namwita, haitiki, na mimi nafurahi." Kisha akafunga kitambaa chake upya, akaenda kumwambia baba. Nilikuwa jikoni, nikawasikia.

"Hata mimi nilipigwa," baba akasema. "Nilikufa?"

"Ulipoteza sikio?"

"Mambo ya gaaru hubaki gaaru. Akienda hospitali, daktari atauliza. Akijibiwa, ataandika. Kesho kijana ataitwa yule aliyelia, mpaka azeeke. Rika lake litamkataa. Nani atamsaidia kubeba jeneza langu?"

"Jeneza lako liko wapi, Baba Mukiri? Mimi naona sikio."

"Subiri ile shukrani ya vijana kanisani ipite, nimesema."

Usidhani baba hampendi. Asubuhi nilimkuta amesimama nyuma ya Mukiri, anasugua vidole karibu na sikio lile, anangoja ageuke. Aliponiona akajifanya anakuna kidevu. Baba anaogopa, na mtu mzima akiogopa hapa anaita woga wake desturi.

Zahanati ipo, unaijua, ni mwendo wa kutembea. Lakini benchi la wagonjwa linatazama barabara. Ukikaa pale na pamba sikioni, chai haipoi kwenye hoteli ya ng'ambo kabla hujajadiliwa.

Basi nilikwenda mwenyewe kwenye duka la dawa. Nilirudia maneno njia nzima, ili nisigugumize. Nelius, yule mwenye duka, akaegemea kaunta.

"Dawa ya masikio? Ya nani?"

"Ya cucu."

"Ya Gatakaa?" Akacheka hadi akajifuta macho. "Cucu wako jana alinisikia nikimteta kutoka ng'ambo ya barabara, akavuka kuja kunigombeza! Sema ukweli, mama. Ni ya yule muthaka wenu?"

Sikusema ndiyo. Uso wangu ndio uliosema, uso wangu haujawahi kunitunzia siri. Akakataa kuniuzia dawa ya kutia ndani ya sikio ambalo hakuna aliyeliangalia. Hapo sikumlaumu, alifanya sawa. Lakini kabla sijavuka soko, wale wa stendi walikuwa wanajua. "Daktari wa masikio!" wakaniita. "Njoo unipime na mimi, nasikia njaa!" Wanawake bombani wakanyamaza nilipofika, na nilipoinua mtungi mmoja akasema, bila kuniangalia, kwamba siku hizi wasichana wanawavua wanaume kofia.

Angalia vizuri hapo, Mjomba. Hawakusema ni uongo. Hakuna hata mtu mmoja aliyesema ni uongo. Wanajua. Pengine walijua kabla yangu, kama wanavyojua daftari langu na nyama yetu. Kosa si kwamba kijana alipigwa hadi sikio likaziba. Kosa ni kwamba msichana amesema.

Na Salesio akaja kwetu. Alikuja mchana kweupe, amevaa koti, akamsalimia cucu vizuri, akaombea chai kabla ya kuinywa. Baba aliketi kama mgeni ndani ya nyumba yake.

"Nasikia Kendi ana kichwa kizuri sana," Salesio akasema. "Mwalimu Mkuu ananiambia atafika mbali."

"Tunamshukuru Mungu," mama akajibu.

"Kichwa kizuri kitunzwe. Msichana akianza kuingilia ya wanaume, hata shule nzuri haimwoshi. Ama namna gani, Kendi?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima. Ilikuwa na mwanzo na mwisho. Unajua badala yake nilifanya nini? Nilimpa chai ya pili kwa kile kikombe chenye mkono uliovunjika. Huo ndio ulikuwa uasi wangu wote. Alikishika kwa vidole viwili, kikamchoma, akakitua, akanitazama. Nikaenda jikoni nikauma kitambaa cha sahani ili nisipige kelele.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni hili. Mwaka juzi cucu alipoanguka kwenye matope, watu hawa hawa walimbeba kwa kiti mpaka barabarani, mvua ikiwanyea, na Salesio alishika mguu mmoja wa kiti. Ng'ombe akishindwa kuzaa, hatuhitaji hata kuita. Wangekuwa wabaya ningewachukia nikapumzika. Lakini ni wazuri, Mjomba, halafu wananyamaza.

Sasa nakuambia kwa nini nimeandika.

Jumapili hii ni shukrani ya vijana kanisani. Wazazi watampa Salesio blanketi na mbuzi mbele ya watu wote. Mama ataambiwa akupigie simu, simu itawekwa kwenye maikrofoni, nawe utasema baraka za mjomba kwa mpwa wako na shukrani kwa mlezi wake. Ukishasema, basi. Neno la mjomba likishatamkwa hadharani, hakuna mtu Kanyakine atakayerudi nyuma yake kusema kwamba kuna kitu kilichoharibika ndani ya ile nyumba ya mabati. Jumatatu tunaripoti shule za bweni, yeye yake na mimi yangu, na huko hatakuwa na mtu wa kumketia kulia.

Naomba usimbariki Salesio. Najua mimi si mtu wa kukuambia hivyo. Lakini usimbariki.

Badala yake, mwite Mukiri. Cucu amesema kwa kinywa chake kwamba mjomba akimwita mpwa wake hakuna wa kuuliza sababu. Hata baba, ambaye chifu hamtishi, anaogopa kukuudhi. Sema unamtaka Mombasa, leo kabla ya kesho. Usiseme ni ya nini. Mpeleke kwa daktari wa masikio ambaye hajui babu yetu alikuwa nani, mahali ambapo mkikaa kwenye benchi watu wanapita tu. Ulipokuwa unalalamika kwamba Mombasa hakuna anayekujali, mimi nilikuwa naona wivu. Nilifikiri, hapo ndipo mtu anaweza kuvua kofia.

Shule itangoja. Sikio sijui kama linangoja.

Mukiri anajua kuhusu barua hii. Ninaandikia jikoni, githeri iko motoni, naye yuko mlangoni kwa sababu haruhusiwi kuvuka kizingiti. Nilimwambia nakuandikia wewe. Hakujibu, na sikujua kama ni hasira au ni kwamba nimesimama upande mbaya. Nikatoka nje, nikazunguka kulia, nikarudia. Nilimwambia amenisemea miaka yote na wiki hii ni zamu yangu.

Alichora mavumbi kwa fimbo yake. Kisha akasema, "Mwambie nikifika nitampikia chapati. Lakini usiandike hivyo kwa sauti."

Mimi nimeandika kwa sauti.

Nisalimie Aunty Susan, mwambie leso alizotuma zilifika na cucu amejifunga zote mbili pamoja. Msalimie Purity, nimemwekea macadamia kwenye mkebe. Cucu Gatakaa anakusalimu, mama pia, na baba angekusalimu kama angejua naandika. Mungu awalinde huko, awaache na masikio mawili mawili mpaka uzeeni, na ayafanye yasikie hata yale ambayo watu wamekubaliana kuyanyamazia.

Mpwa wako akupendaye, hata akiwa na hasira,

Kendi

N.B. Ukipiga simu, usimwachie mama ujumbe. Sema unamtaka Mukiri mwenyewe. Akiishika, usicheke akinyamaza. Nitakuwa karibu, nitaichukua fimbo, na nitaihamishia simu kwenye sikio la kulia.